Flashi Ndogo kwa Kamera ya Baba

Nyumbani kwetu Lubumbashi mna sanduku moja la mbao ambalo marehemu baba yetu alikataza watoto wasilichezee. Ndani yake hamna fedha wala nguo za thamani. Mna kamera moja nzito ya chuma, jina lake Zenit-E, katika mfuko wake wa ngozi. Baba aliinunua kwa rafiki yake aliyerudi kutoka masomoni Moscow, katika chuo kikuu kile kilichofunguliwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Kamera za namna hiyo zilianza kutengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, mwaka 1965, nazo zikaenea katika nchi nyingi. Ni ngumu, hazina anasa, wala hazitaki betri: hata kipimo chake cha mwanga hufanya kazi kwa nguvu ya mwanga wenyewe.

Baba alipokwisha kuitwa na Mungu, kamera ile ikawa urithi wetu sisi wanawe. Kazi yake ya mchana tuliijua vema. Tuliweza kumpiga picha mtu chini ya mwembe, au wanafunzi wakitoka shuleni, na picha zikarudi safi kutoka kwa fundi. Lakini ndani ya nyumba, na wakati wa jioni, kamera ya namna hii ni kama mtu mwenye macho mazuri aliyefungiwa gizani. Yahitaji flashi. Na habari ya kuchagua flashi ndiyo twataka kuwasimulia leo, kwa maana ilitutia aibu kwanza, ikatufunza baadaye.

Ndugu yetu mdogo alikuwa amempeleka mtoto wake wa kwanza kubatizwa. Jioni ile jamaa wote walikusanyika nyumbani. Alikuwapo nkambo wetu, mama mzaa baba, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Alikuwapo mama yetu, walikuwapo ndugu yetu na mke wake, na mtoto mchanga katika nguo yake nyeupe. Vizazi vinne katika chumba kimoja! Ni nani asiyetaka picha ya siku kama hiyo? Tena nkambo hakuwa na picha yake hata moja, ila ile ndogo ya cheti, ya zamani sana, iliyofifia hata uso hautambulikani.

Basi jirani mmoja mwema alituazima flashi yake, kubwa, yenye mkono wa kushikia na waya mrefu. Tulipomwuliza tuweke kamera namna gani, akajibu: “Wekeni 1/60, kama kamera zote.” Tukaweka 1/60. Tukawapanga watu, nkambo upande mmoja, mtoto mikononi mwa mama yake upande mwingine. Flashi ikawaka kama radi. Watu wakacheka na kufumba macho, mtoto akalia, nasi tukafurahi sana. Tulipiga picha 12.

Filamu iliposafishwa, tuliona ajabu. Nusu ya kila picha ilikuwa nyeusi kama mkaa, pasipo kitu chochote. Nusu ya pili ilionekana, lakini nyuso zilikuwa zimepauka kama zimepakwa unga. Na katika picha zote 12 nkambo alikuwa upande wa giza. Tulitaka kuzificha, lakini alikuwa amekwisha kuzisikia habari zake, akaziomba. Akazishika moja moja, akazisogeza karibu na dirisha, akatazama sana. Halafu akauliza kwa upole: “Wajukuu wangu, na mimi nilikuwa wapi siku ile?”

Tulikosa la kujibu. Neno lile lilituchoma kuliko matusi.

Wazo letu la kwanza lilikuwa la kijinga. Tulisema flashi ile haikuwa na nguvu ya kutosha, na kwamba yatupasa kuchanga fedha tununue kubwa zaidi. Heri tulikwenda kwanza kumwuliza mzee mmoja, fundi wa picha wa siku nyingi, kwa maana kuuliza si ujinga. Alizitazama picha zetu, akatabasamu, akasema: “Wanangu, msianze kwa kuuliza bei ya flashi. Anzeni kwa kuiuliza kamera yenu, yenyewe yataka nini.” Kisha akatufundisha mambo matano, nasi twayaandika hapa kwa faida ya kila mtu aliyerithi kamera ya filamu.

Jambo la kwanza ni mwendo wa shata. Ndani ya Zenit mna mapazia mawili ya kitambaa, yanayopita mbele ya filamu kutoka upande mmoja hata upande wa pili. La kwanza hufungua njia ya mwanga, la pili huifunga. Kwa mwendo wa 1/30 wa sekunde, pazia la kwanza hufika mwisho kabla la pili halijaondoka, na hapo filamu yote huwa wazi kwa mara moja. Kwa mwendo wa haraka zaidi, pazia la pili huondoka mapema na kulifuata la kwanza, hata hubaki ufa tu unaotembea juu ya filamu. Sasa, mwanga wa flashi ni mfupi mno. Mara nyingi haufiki hata sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Ukiwaka wakati pazia la pili limekwisha kufunika nusu ya filamu, nusu hiyo haipati kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu kwa 1/60. Kumbe nkambo alikuwapo mbele ya kamera, lakini pazia lilikuwa limemfunika!

Si kamera zote zilivyo hivyo. Kamera nyingine za zamani zina shata ya visahani vidogo ndani ya lenzi yenyewe, nazo hupokea flashi kwa kila mwendo, hata 1/500. Kamera za mapazia zilizotengenezwa baadaye hupokea 1/60, au 1/125, au zaidi. Lakini Zenit-E hupokea 1/30, wala hapana flashi yoyote duniani, kubwa au ndogo, iwezayo kuibadili tabia hiyo. Fedha zetu zingepotea bure.

Mzee alituonyesha pia namna ya kujaribu bila kuharibu filamu. Ondoa filamu, fungua mlango wa nyuma wa kamera, fungua tundu la lenzi kabisa, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, kisha bonyeza huku ukitazama kwa nyuma. Kwa 1/30 tuliona mstatili kamili wa mwanga. Kwa 1/60 tuliona nusu tu. Tuliyaona kwa macho yetu wenyewe makosa ya siku ile ya ubatizo.

Jambo la pili ni mahali pa kuunganisha. Juu ya kamera nyingi mna kishikizo cha flashi chenye chuma katikati kinachopitisha alama ya kuwaka. Kishikizo cha Zenit-E hakina chuma hicho. Hushika tu, hakisemi neno. Alama hupita katika kijitundu cha duara mbele ya kamera, na kwa hiyo flashi lazima iwe na waya wake, au kinunuliwe kipande kidogo cha kuunganisha chenye waya. Flashi za siku hizi zenye vyuma vingi chini yake zilifanywa ili zizungumze na kamera za kidijitali. Juu ya kamera ya baba, maongezi yale yote ni bure. Anayelipa kwa ajili yake anunua maneno ambayo hakuna wa kuyasikia.

Jambo la tatu ni nguvu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kila flashi ina namba yake ya mwongozo. Namba hiyo ukiigawanya kwa umbali wa mtu kwa mita, wapata namba ya tundu la lenzi. Tuseme flashi ina namba 20 kwa filamu ya ISO 100. Mtu akiwa mita 2.5, ishirini kugawanya kwa mbili na nusu ni nane: weka tundu kwenye 8. Akiwa mita 5, weka 4. Akiwa mita 10, weka 2, ambalo ndilo tundu kubwa kuliko yote la lenzi ya baba. Ukitia filamu ya ISO 400, namba 20 huwa 40, na kwa mita 5 waweza kuweka 8. Wanafunzi wetu wataona kwamba hesabu za darasani hazikufundishwa bure. Wataona pia sababu yake: umbali ukiongezwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu haupungui nusu, bali hubaki robo tu.

Lakini, msomaji, angalia namba hiyo imeandikwa kwa kipimo gani. Wauzaji wengine huitaja kwa futi, na flashi ile ile ya namba 20 kwa mita huwa na namba 65 kwa futi. Wengine huitaja kwa filamu ya ISO 400 ili ionekane kubwa. Uliza mita, uliza ISO 100, ndipo ulinganishe. Kisha jiulize: je, mimi hupiga picha wapi? Sisi twapiga sebuleni, mezani, mlangoni pa kanisa, mita 2 hata 4. Namba 20 yatutosha, na hata namba 12 ingetusaidia kwa filamu ya ISO 400. Flashi kubwa ya jirani ndiyo iliyozipausha nyuso za watu wetu, kwa sababu tulikuwa karibu mno nayo bila kupima.

Jambo la nne ni chakula chake. Flashi nyingine hutaka betri za pekee zisizopatikana tena sokoni. Yafaa kuchagua ile inayotumia betri ndogo za kawaida ziuzwazo kila duka. Tena fungua kifuniko uangalie: betri zilizovuja huacha unga mweupe au wa kijani, nao hula vyuma.

Jambo la tano ni usalama. Ndani ya kila flashi mna kapasita, ndiyo ghala ya umeme. Ghala hiyo yaweza kubaki na volti zipatazo 300 hata betri zikiwa zimetolewa. Kwa hiyo kijana asiifungue kwa bisibisi akisema ataitengeneza, atapigwa vibaya. Tena flashi nyingine za zamani hupeleka volti nyingi, 200 na zaidi, hata kwenye mguso wa kamera. Zenit haina vyombo vya elektroni, na mguso wake wa chuma huvumilia. Bali usiitie flashi ya namna hiyo juu ya kamera ya kidijitali kabla fundi hajaipima, usije ukaiua. Na flashi iliyolala miaka mingi kabatini, uiamshe taratibu: tia betri mpya, iache ijae dakika kadhaa, iwashe, iache ijae tena, mara kadhaa, kabla ya kuitegemea siku ya sherehe.

Baada ya mafundisho hayo tulikwenda sokoni tukiwa watu wengine. Muuzaji alituwekea mbele flashi tatu. Moja ilikuwa kubwa na mpya, yenye kioo cha namba nyingi. Ya pili ilikuwa kubwa na ya zamani. Ya tatu ilikuwa ndogo kama pakiti ya sigara, iliyokwaruzwa pembeni, yenye waya wake na jedwali la umbali nyuma yake. Tuliuliza maswali yetu matano. Ile ndogo ikajibu yote: waya ulikuwapo, namba 20 kwa mita, betri 4 ndogo, hakuna uvujaji. Tuliijaribu kwenye ukuta, kamera ikiwa wazi nyuma, ikatupa mstatili mzima. Muuzaji akashangaa kuona twaziacha zile kubwa. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote, na sehemu ya fedha zilizobaki tulinunulia filamu.

Tukapeleka flashi kwa mzee kuipima, akairidhia. Akatupa shauri moja zaidi, ambalo kwetu Waafrika lina maana kubwa. Flashi nyingi ndogo zina jicho linalopima mwanga unaorudi na kuukata wenyewe ukitosha. Ni msaada mzuri. Lakini bibi arusi na mtoto wa komunyo ya kwanza huvaa nyeupe. Nguo ile nyeupe hurudisha mwanga mwingi, jicho ladhani kazi imekwisha, mwanga hukatwa, na uso mweusi mzuri hubaki gizani juu ya nguo ing'aayo. Siku hiyo acha jicho, tumia namba yako na umbali, au fungua tundu hatua moja zaidi. Nguo ni ya siku moja; uso ndio tunaotaka kuukumbuka.

Usiku wa Noeli baada ya hapo, tulikwenda nyumbani kwa nkambo. Hatukupanga watu wengi. Aliketi katika kiti chake karibu na ukuta wa chokaa, kitenge chake kizuri begani, rozari mkononi, na kitukuu magotini. Tulipima kwa kamba mita 2.5. Filamu ya ISO 100, tundu 8, mwendo 1/30. Tuliangalia mara tatu kabla ya kubonyeza. Flashi ikawaka mara moja tu, ndogo, hata mtoto hakulia. Tukapiga nyingine mbili, basi.

Picha zilipotoka, zote tatu zilikuwa nzima. Nkambo alisogea tena dirishani. Alitazama kimya, akaweka kidole juu ya uso wake mwenyewe katika picha, akasema: “Sasa nipo.”

Katika Kwaresima iliyofuata, Bwana alimwita. Alipokea sakramenti, akalala kwa amani. Siku ya matanga, picha iliyosimama juu ya meza, kati ya mishumaa miwili, ilikuwa ile ya usiku wa Noeli. Watu waliotoka mbali, ambao hawakumwona kwa miaka mingi, walisimama mbele yake wakasema: “Ndiye huyu.” Na kitukuu yule, ambaye hatakuwa na kumbukumbu ya mikono iliyomshika, atakapokuwa mkubwa ataiona katika picha.

Twasema jambo jingine kwa wazazi na vijana wapigao picha kanisani. Flashi, hata ikiwa ndogo, ni mgeni mbele ya altare. Mwaka 1967 Kanisa lilitoa maagizo juu ya fumbo la Ekaristi, yaitwayo Eucharisticum Mysterium, nayo yataka picha zisivuruge ibada, hasa Misa. Kama kuna sababu ya haki ya kuzipiga, zipigwe kwa kiasi kikubwa na kwa kufuata sheria za askofu wa mahali. Mwombe padre ruhusa kabla. Wakati wa mageuzo, weka kamera chini, upige magoti pamoja na wengine. Subiri mlangoni baada ya Misa. Hapo mita 3 zatosha, nyuso zina furaha, na hakuna sala iliyokatizwa. Aliye na flashi ndogo hufundishwa na flashi yake mwenyewe kusogea karibu na watu, kuwasalimu na kuwaomba, badala ya kuwarushia radi kutoka mbali.

Wasomaji wapenzi, nyumba nyingi zina kamera ya zamani iliyosahauliwa sandukuni, na nyumba nyingi zaidi zina mzee asiye na picha. Msingoje siku kubwa. Ikaguliwe kamera, iulizwe mwendo wake na mguso wake, ipimwe sebule kwa kamba, kisha ichaguliwe flashi inayolingana na vitu hivyo, wala si na kiburi chetu. Sisi tulichelewa kidogo, lakini kwa rehema ya Mungu hatukuchelewa mno. Ninyi fanyeni mapema, wazee wenu wangali wakiketi mezani pamoja nanyi.